Mtembezi na Mzururaji

Kiswahili kimelibebesha neno moja, kutembea, mizigo miwili ya maana. Anayetia mguu mmoja mbele ya mwingine anatembea. Na aliyefunga safari kwenda kumjulia hali shangazi yake Tanga, hata kama amekaa ndani ya basi tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, naye amekwenda kutembea. Ndiyo maana mwenyeji humwambia jamaa yake, "Siku moja uje utembee kwetu," wala jamaa haulizi atembee umbali gani. Katika fikra ya lugha hii mwendo wa miguu na ziara ya mapenzi ni ndugu wa tumbo moja. Lakini pembeni mwa neno hilo lipo jingine, kuzurura, ambalo nalo ni mwendo wa miguu. Mtembezi na mzururaji huweza kupita njia moja, saa moja, kwa hatua zenye urefu mmoja, na ukiwapiga picha hutawatofautisha. Kinachowatenga kimo machoni mwa anayewatazama, kwani yeye ndiye mwenye hukumu.

Hapo ndipo lilipo swali la insha hii. Ni nani mwenye mamlaka ya kumwita huyu mtembezi na yule mzururaji? Na je, binadamu anayo haki ya kutembea pasipo la kufanya, au kila hatua yake sharti iambatane na sababu?

Swali hili laweza kuulizwa popote, lakini kuna mahali ambapo linauliza lenyewe. Mahali hapo ni Guangzhou, kusini mwa China, mji ambao wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Lubumbashi wanaujua kwa majina ya masoko yake kuliko kwa ramani yake. Maonyesho makubwa ya biashara yamekuwa yakifanyika huko kila majira ya kuchipua na kila majira ya kupukutika tangu mwaka 1957. Waafrika wengi wamefikia mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli, penye majengo ya jumla ya nguo, viatu, simu, nywele za bandia na vipuri. Mwafrika Mashariki aliyeko huko huenda mbio. Visa ina tarehe ya mwisho, kontena lina tarehe ya kufungwa, na mteja wa Kariakoo anapiga simu usiku kwa kuwa kwake bado ni jioni. Na umbali mfupi tu kutoka Xiaobei, mwendo ambao hauhitaji gari, ipo Bustani ya Yuexiu, ambamo watu hawaendi popote.

Bustani hiyo imekaa juu ya vilima, na chini yake kuna maziwa matatu yaliyochimbwa kwa mikono ya watu. Juu ya kilima kimoja limesimama jengo la ghorofa tano liitwalo Zhenhai, lililojengwa mwaka 1380, na juu ya kingine ipo sanamu ya mbuzi watano ambao ndio nembo ya mji. Kuna miti ya jamii ya msufi, jamaa wa ile tunayoijua pwani kwa sufi za mito, ila maua yake ni mekundu na makubwa kama kikombe. Mwisho wa baridi maua hayo hudondoka mazima, na bibi wazee huyaokota wakayaanika ili wayatie katika supu na chai ya dawa. Asubuhi utakuta watu wanacheza kwa pamoja kufuata muziki, wengine wanapiga kwa mguu kishada cha manyoya kisianguke chini, wengine wametundika vizimba vya ndege mtini na kukaa kusikiliza. Wapo pia wanaotembea tu, mikono nyuma, wakizunguka ziwa mara moja, kisha mara ya pili.

Na vipo vifaa vya mazoezi. Msomaji aliyefika katika mji wowote wa China atakuwa ameviona, maana vimetapakaa katika bustani na nyua za makazi: mabomba ya chuma yaliyopakwa rangi ya bluu na njano, yaliyosimikwa ardhini kwa saruji, ya bure, yasiyo na mlinzi wala saa ya kufungwa. Kuna vikanyagio viwili vinavyoning'inia, ambavyo mtu husimama juu yake akachezesha miguu kana kwamba anatembea hewani. Kuna magurudumu ya kuzungushwa kwa mikono ili mabega yalegee, viti vya kuvuta kama anayepiga makasia, na nguzo za kuegemeza mguu ulionyooshwa. Vifaa hivi vina historia inayojulikana. Mwaka 1995 serikali ya China ilitangaza mpango wa taifa wa kuhimiza mazoezi kwa watu wote, na njia ya kwanza ya vifaa vya namna hiyo ikajengwa mwaka uliofuata, hapohapo Guangzhou, katika kituo cha michezo cha Tianhe. Fedha ya kuvieneza ilitoka kwa sehemu kubwa katika bahati nasibu ya michezo. Tangu mwaka 2009, tarehe 8 Agosti imekuwa siku ya mazoezi kwa taifa zima.

Mtu aliyekulia kwenye kinu na mchi akivitazama vifaa hivi kwa mara ya kwanza hakosi kutabasamu. Gurudumu linazungushwa, wala hakuna nafaka inayosagwa. Makasia yanavutwa, wala hakuna maji. Miguu inakwenda na mtu yuko palepale. Ni kazi iliyoondolewa tunda lake ikabakizwa jasho peke yake. Na kicheko hicho kina kumbukumbu chungu ndani yake. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu kubwa la kukanyagwa kwa ajili ya wafungwa, na katika magereza mengi watu walipanda ngazi zake saa baada ya saa ili wachoke tu, bila kuzalisha chochote. Mwendo usiofika popote ulikuwa adhabu. Sasa umekuwa starehe ya asubuhi. Kilichobadilika ni kwamba mzee wa Yuexiu anaweza kushuka.

Lakini tusiishie kwenye kicheko. Ukivitazama vifaa hivi kwa muda mrefu zaidi utaona kwamba wengi wanaovitumia hawafanyi mazoezi kwa bidii yoyote. Bibi amesimama juu ya vikanyagio, anabembea polepole, anazungumza na mwenzake aliye kwenye vikanyagio vya jirani. Mzee ameegemeza mguu juu ya nguzo na kuusahau hapo, anasoma gazeti. Kifaa ni udhuru. Kinampa mtu jibu iwapo ataulizwa, na zaidi iwapo atajiuliza mwenyewe: unafanya nini hapa? Nafanya mazoezi. Yaani hata mstaafu aliyemaliza deni lake lote la kazi anaona haya kidogo kuwa mahali bila sababu, na bustani imemsaidia kwa kumpa chuma cha kushika. Aibu hiyo si ya Wachina peke yao. Wengi wetu siku hizi hatutembei mpaka simu ituhesabie hatua, na matembezi yasiyohesabiwa twayaona kama yamepotea.

Wachina wenyewe wana neno zuri la matembezi ya jioni, *sanbu*, na sehemu yake ya kwanza ina maana ya kutawanya au kulegeza. Kutembea kwa namna hiyo ni kutawanya hatua, kuzimwaga kama mtu anayewamwagia kuku mtama. Na wana mwanafalsafa wa kale, Zhuangzi, wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliyeutetea uhuru huo kuliko wengine wote. Katika sura ya kwanza ya kitabu chake, rafiki yake analalamika kuwa ana mti mkubwa uliojaa vinundu, usiofaa kwa ubao, ambao hakuna seremala anayeutazama mara mbili. Zhuangzi anamshauri aupande mahali pa wazi, azungukezunguke kando yake bila shughuli na alale kivulini mwake. Mti huo hautapigwa shoka, kwa kuwa hauna faida kwa yeyote. Hoja yake ni nzito kuliko inavyoonekana. Kinachopimwa kwa faida peke yake kinaishi maadamu faida ipo, na siku faida inapokwisha huja shoka. Anayetaka kitu kiishi kwa ajili yake chenyewe hana budi kukubali kiwe, katika baadhi ya saa, bila faida.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuitilia shaka hekima hiyo, maana tumelelewa katika sifa za kazi. Tanganyika ilipopata uhuru iliunganisha maneno mawili kuwa wito mmoja: Uhuru na Kazi. Nusu karne baadaye, mwaka 2015, wito wa kampeni uliobaki midomoni mwa watu ulikuwa Hapa Kazi Tu, na msikilizaji makini atagundua kwamba katika safari hiyo neno uhuru limeachwa njiani. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna mwaka 1983, ilipopitishwa sheria ya nguvu kazi na watu wa Dar es Salaam wakaanza kukamatwa mitaani. Asiyeweza kuonyesha kwamba ana ajira alihesabiwa kuwa mzururaji, akapakiwa kurudishwa kijijini kulima. Wengi wao walikuwa wachuuzi, watu wanaofanya kazi tangu alfajiri, ila kazi yao haikuwa na cheti. Polisi aliyesimama njia panda alikuwa ndiye mwenye kamusi: yeye ndiye aliyeamua ni nani anatembea na ni nani anazurura.

Kamusi hiyo haikuandikwa Dodoma wala Dar es Salaam. Ilitoka katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 dhidi ya wazururaji, ikasafirishwa na ukoloni hadi katika kanuni za adhabu za nchi nyingi za Afrika, ikabaki humo baada ya bendera kushushwa. Ilichukua karibu karne mbili hadi ipatikane kauli ya pamoja ya Kiafrika juu yake. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria zinazomfanya mtu kuwa mkosaji kwa sababu tu hana makazi au kazi inayoonekana hazipatani na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzibadili au kuzifuta. Kwa maneno ya mtaani, mahakama ilisema kutembea bila sababu si kosa.

Hata hivyo, haki ya kisheria haimalizi swali la kimaadili. Jambo linaweza kuwa halali na bado likawa ovu, na hoja nzito dhidi ya mtembezi inastahili kusikilizwa kwa ukamilifu. Hoja hiyo imo katika Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwalimu Nyerere anaeleza humo kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu yeyote nchini, ilhali wanaume wa vijijini hutumia nusu ya maisha yao kama watu walio likizo. Hasira yake haikuwa dhidi ya mapumziko yenyewe. Aliona kwamba pumziko la mmoja lilikuwa limefadhiliwa na mgongo wa mwingine: bwana anakaa barazani kwa kuwa bibi yuko kisimani. Kila mara tumwonapo mtu anatembea kwa raha, maadili yanatutaka tuulize: nani yuko kisimani?

Tuulize basi katika Bustani ya Yuexiu. Njia ni safi kwa kuwa kuna mtu aliyezifagia kabla ya mapambazuko, na katika miji ya China mfagiaji mara nyingi ni mtu aliyetoka shamba la mkoa mwingine, asiyeandikishwa kuwa mkazi kamili wa mji anaoufagia. Mzee aliye kwenye vikanyagio ana pensheni. Hadi mwisho wa mwaka 2024 wanaume walistaafu wakiwa na miaka 60, na wanawake 55 au 50 kulingana na kazi zao, na tangu Januari 2025 umri huo umeanza kupandishwa kidogo kidogo. Lakini kijana wake hayupo bustanini. Yuko ofisini, na huenda yumo katika utaratibu ambao Wachina huuita kwa tarakimu 996: kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki. Mahakama ya juu ya nchi hiyo ilitamka mwezi Agosti 2021 kwamba utaratibu huo ni kinyume cha sheria, na bado jina lake halijasahaulika. Mtoto anayesukumwa katika kigari kando ya ziwa anasukumwa na bibi yake kwa sababu mama yake hana saa hata moja ya mchana. Kwa hiyo hata matembezi ya bibi huyo yana kazi ndani yake, na kazi hiyo hailipwi.

Je, hayo yanamhukumu mtembezi? Nadhani hapana. Yanahukumu mgawanyo. Ikiwa bwana anapumzika na bibi hapumziki, dawa si kumnyima bwana baraza, ni kumpeleka bwana kisimani na kumleta bibi barazani, kwa zamu. Anayesema kwamba haki itapatikana siku wote watakapokuwa kisimani mchana kutwa amechanganya usawa na uchovu. Aliyeelewa hoja ya Azimio vizuri atadai zaidi, si pungufu: atadai kwamba mfagiaji naye, akishaweka ufagio, aweze kurudi katika njia ileile akatembea humo polepole bila mtu kumtazama mara mbili.

Sasa turudi kwa mgeni, kwa kuwa yeye ndiye kipimo kigumu kuliko vyote. Mwenyeji anayetembea ovyo huitwa mvivu, na huo ndio mwisho wa shutuma. Mgeni anayetembea ovyo huulizwa anatafuta nini. China, kama nchi nyingine, inamtaka kila mgeni aliyetimiza miaka 16 awe na pasipoti yake wakati wote na aandikishe makazi yake polisi ndani ya saa 24 tangu afike. Hiyo ni sheria kwa wageni wote, na haki inatutaka tuitofautishe na kipande cha Kenya ya kikoloni, ambacho Mwafrika alilazimika kukivaa shingoni ndani ya kibweta cha chuma katika nchi yake mwenyewe. Lakini mwili una hesabu zake. Mwafrika aliyezoea kuombwa pasipoti kituoni Xiaobei hujifunza kutembea kama mtu mwenye miadi. Huweka begi begani hata kama halina kitu, na hatua zake huziharakisha. Anajua kwamba mwendo wa haraka ni hati inayosomeka kwa mbali: huyu ana shughuli, huyu atapita. Mwendo wa polepole unadai kitu ambacho hana hakika kama atapewa.

Aprili 2020 hakika hiyo iliondolewa hadharani. Katika hofu ya UVIKO-19, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa katika nyumba walizopanga na hoteli walizolipia, wakalazimishwa kupimwa na kuwekwa karantini bila kujali kama walikuwa wamesafiri au la, na wengine wakalala barabarani na mizigo yao. Mabalozi wa Afrika walioko Beijing waliandika barua ya malalamiko kwa waziri wa mambo ya nje wa China. Picha zilizosambaa zilionyesha watu wakitembea usiku na masanduku ya magurudumu. Walikuwa wakitembea, ndiyo, na polepole, maana hawakuwa na pa kuwahi. Hakuna aliyeona picha hizo akayaita yale matembezi.

Tukio hilo linatufundisha kitu ambacho kamusi haikutuambia. Matembezi ni mwendo wenye nyumba nyuma yake. Mtembezi anaweza kusahau njia kwa sababu hajasahau mlango. Ulegevu wa hatua zake umekopwa kutoka katika uhakika wa kurudi. Msafiri ana nyumba mbele, mkimbizi hana nyuma wala mbele, na mzururaji, kwa macho ya polisi wa 1983, ni mtu ambaye nyumba yake haitambuliki. Hivyo basi haki ya kutembea polepole bustanini ni tawi, na shina lake ni haki ya kuwa na mlango ambao mtu mwingine hawezi kukufungia kwa hofu ya usiku mmoja. Ukitaka kujua kama mji umempokea mgeni, usihesabu mikataba aliyotia saini. Tazama anavyotembea jioni.

Wachina hawana haja ya kufundishwa jambo hili na sisi. Bustani ya umma iliyofunguliwa mwaka 1868 kando ya mto mjini Shanghai, katika eneo lililotawaliwa na wageni, ilimzuia Mchina kuingia kwa miaka 60, hadi mwaka 1928, na kumbukumbu ya kufungiwa bustani katika nchi yao wenyewe ingali hai. Nasi tunayo ya kwetu. Uwanja wa Mnazi Mmoja wa Dar es Salaam, ambapo leo watu hupumzika chini ya miti, uliachwa wazi na wakoloni ili Kariakoo ya Waafrika isikaribiane na mitaa ya wengine. Nafasi iliyotengwa kuwatenganisha watu ndiyo wanayokutania sasa. Na Bustani ya Uhuru ya Nairobi ingekuwa leo chini ya jengo la ghorofa 60 kama Wangari Maathai asingesimama mwaka 1989 kulipinga, akitukanwa na wakubwa kwa kutetea nyasi. Wanaozichukulia bustani kuwa jambo la anasa wajiulize kwa nini wenye nguvu, kila zama, wamejishughulisha sana na nani aingie humo.

Kuna atakayejibu kwamba mgeni wa Guangzhou hakwenda kule kupunga upepo. Alikwenda kununua mizigo, akapewa visa ya kununua mizigo, na mkataba umetimia. Jibu hilo lina ukweli wa mahakamani. Lakini mtu anayepokewa kwa mizigo yake peke yake hajapokewa. Kilichopokewa ni pochi yake. Nasi tuliwahi kuwapokea Wachina kwa namna inayofanana na hiyo. Kati ya mwaka 1970 na 1975 maelfu yao walijenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Waliishi kambini, wakajulikana kwa bidii kuliko kwa mazungumzo, na waliofia kazini wamezikwa katika makaburi yao nje kidogo ya Dar es Salaam. Tuliisifu kazi yao kwa vitabu na hotuba. Majina yao hatukuyajua. Na Mchina wa Kariakoo wa leo, akionekana akitembea ufukweni jioni bila haraka, hukosi kumsikia mtu akiuliza: huyu naye anatafuta nini? Swali ni lilelile la Xiaobei. Mwenye kudai haki ugenini na akainyima nyumbani ameidai kama upendeleo.

Ni wajibu gani basi unaotoka katika haya? Kwa mwenyeji, wajibu ni mdogo na mgumu: kuacha kuuliza sababu. Kumpisha mtu njia, kumwitikia salamu, kumwacha aning'inize miguu yake kwenye vikanyagio vya bluu na njano bila kumpiga picha. Kwa mgeni, wajibu ni kutembea. Wahenga walisema mtembea bure si mkaa bure, na katika bustani za Guangzhou maneno hayo yana ukweli wa kila siku, kwa kuwa vile vifaa vya bure ambavyo havisagi nafaka vina fadhila moja ambayo soko halina: vimepangwa viwili viwili. Anayesimama juu ya kimoja atakuwa ana kwa ana na mtu aliye juu ya kingine, na wote wawili hawana cha kuuziana. Bei haipo, kwa hiyo hakuna wa kupunjwa. Salamu ya namna hiyo ni ndogo, nami sidai kwamba inazuia milango kufungwa wakati wa hofu. Ila jirani aliyewahi kubembea mbele yako asubuhi atalazimika, siku hiyo, kumfukuza mtu anayemjua uso, na jambo hilo ni zito kuliko kumfukuza mwenye pasipoti tu.

Mji wa Guangzhou una simulizi ya asili yake, ambayo wale mbuzi watano wa mawe juu ya kilima huikumbusha. Zamani za njaa, wageni watano wasio wa kawaida walifika wakiwa juu ya mbuzi, kila mmoja na mashuke ya nafaka. Wakawapa watu, wakautakia mji usione njaa tena, wakaondoka. Msemaji wa Kiswahili anaielewa simulizi hiyo kabla haijaisha: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini tuna methali nyingine, ambayo tunaipenda zaidi siku hizi kwa kuwa inapatana na zama za kazi tu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunaisoma kwa haraka ili tulifikie jembe. Tukiisoma polepole tutaona kwamba siku mbili zimetangulia, na kwamba zimewekwa kuwa haki yake, hazikusubiri afanye lolote ili azistahili. Wako wenzetu Guangzhou ambao jembe walikabidhiwa uwanja wa ndege, siku ya kwanza, nao wamelima miaka kumi. Zile siku zao mbili bado wanazidai.